Vichupa vya Desemba

Kila Desemba barabara inayopanda kutoka Moshi mjini kwenda Uru hujaa magari. Watoto wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, na hakuna anayerudi mikono mitupu. Zamani mzigo ulikuwa mchele, sukari, vitenge na blanketi. Siku hizi katikati ya hayo kuna vichupa: vitamini E, seleniamu, unga wa mwani, kapsuli za mbegu za zabibu. Lebo zinaahidi kuondoa sumu mwilini, kulinda ubongo na kurudisha nguvu za miguu. Bibi wa miaka 78, ambaye tangu Pasaka amekuwa akiuliza tena na tena kama ng'ombe amekamuliwa, anakabidhiwa vidonge vya miezi mitatu na kuelekezwa ameze kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Nia ni njema. Hata sayansi iliyochapwa kwenye lebo haikutungwa tu. Kinachonisumbua ni umbali uliopo kati ya sayansi hiyo na kidonge, na fedha inayopotelea humo wakati bibi huyohuyo hajapimwa presha tangu mwaka juzi.

Seli zetu hupata nguvu kwa kuunguza chakula kwa oksijeni, na kazi hiyo hufanyika ndani ya viungo vidogo vya seli viitwavyo mitokondria. Haifanyiki kwa ukamilifu. Sehemu ndogo ya oksijeni huchomoka kabla ya kazi hiyo kwisha ikiwa na elektroni moja isiyo na mwenzake, na hapo huwa chembe huru: hunyakua elektroni kwa chochote kilicho jirani, yawe mafuta ya utando wa seli, protini au DNA yenyewe. Mwili una walinzi dhidi yake. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walikieleza kimeng'enya cha superoksidi dismutasi, ambacho kazi yake ni kuikamata chembe huru ya kwanza inayozaliwa hapo. Wapo walinzi wengine, katalasi na glutathioni wakiwemo. Uharibifu huo, uitwao oksidisho, ukizidi uwezo wa walinzi, wataalamu husema mwili uko katika mkazo wa oksidisho.

Ubongo una sababu za kuogopa hali hiyo kuliko viungo vingi. Uzito wake ni takriban asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Umejaa mafuta ya aina inayooksidika kirahisi, na seli zake nyingi zikifa hazina wa kuzirithi. Misuli nayo imesheheni mitokondria, na mtu anapozeeka mitokondria hizo hufanya kazi ovyo zaidi. Huko Baltimore, Marekani, watafiti waliopima damu ya wanawake wazee waligundua kwamba wenye protini nyingi zilizoharibiwa na oksidisho ndio waliokuwa na mkono dhaifu wa kushika. Usomapo hayo ni rahisi kuamini kwamba umekiona chanzo cha uzee. Lakini protini zilizoharibika zinaweza kuwa ndizo zilizodhoofisha mkono, au zinaweza kuwa alama tu ya kisukari, presha au maradhi mengine yaliyodhoofisha mkono na kuharibu protini kwa pamoja. Damu iliyopimwa mara moja haiwezi kutenganisha mambo hayo.

Wauzaji wa vichupa hupenda kusema mwili unashika kutu kama bati. Mfano huo una ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayopotosha. Bati haliwezi kujitengeneza. Seli hujitengeneza mchana na usiku. Tena bati halina haja ya kutu, ilhali mwili unazihitaji chembe huru. Seli nyeupe za damu huzitengeneza kwa makusudi ili kuua bakteria, na watoto wachache wanaozaliwa bila uwezo huo huandamwa na maambukizi makali. Misuli inapofanya kazi huzalisha chembe huru, na chembe hizo ndizo zinazoiamuru seli iongeze walinzi wake. Ukizizima zote, umezima na amri.

Hilo lilipimwa. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani waliwapa vijana wa kiume mazoezi ya wiki nne. Nusu yao walimeza vitamini C na E kila siku, nusu hawakumeza. Wasiomeza miili yao ilianza kuitikia insulini vizuri zaidi, na walinzi wao wa ndani wakaongezeka. Waliomeza vidonge walitoka jasho lilelile bila kupata faida hiyo. Nadhani hakuna jaribio linalostahili kubandikwa ukutani kwenye duka la virutubisho kuliko hili.

Nadharia ya kwamba chembe huru ndizo zinazozeesha ilitolewa na Denham Harman mwaka 1956. Alikuwa mkemia wa kampuni ya mafuta kabla ya kusomea udaktari, na wazo lake lilikuwa la kijasiri na lenye manufaa: lilifungua maabara nyingi na kuzaa ugunduzi mwingi. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 98. Kutoka kwenye wazo lake watu waliruka hadi hitimisho linaloonekana halina shaka: kama oksidisho inazeesha, basi kinachozuia oksidisho kitarefusha ujana. Majaribio makubwa yakaanza, na majibu yakaja kinyume. Nchini Finland wanaume 29,133 waliovuta sigara walipewa betakarotini, vitamini E, vyote viwili au kidonge kisicho na dawa. Mwaka 1994 ikatangazwa kwamba waliopata betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Jaribio jingine la Marekani, lililochanganya betakarotini na vitamini A, lilisimamishwa kabla ya wakati mwaka 1996 kwa sababu ya jambo hilohilo. Jaribio la vitamini E na seleniamu lililolenga saratani ya tezi dume liliishia kuonyesha mwaka 2011 kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 17. Kuhusu ubongo, wanaume 7,540 wa jaribio hilohilo walifuatiliwa kwa miaka ili kuona nani atapata ugonjwa wa kusahau. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na vitamini E na seleniamu hazikuzuia kitu.

Kuna mahali ambapo mtu anaweza kuiona oksidisho kwa macho, na pale Moshi wanaijua vizuri kwa sababu Hospitali ya Rufaa ya KCMC imejenga jina kwa tiba ya macho. Ni mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho imejaa protini ambazo hazibadilishwi tangu utotoni. Kadiri miaka inavyokwenda, glutathioni inayozilinda hupungua, protini zinaoksidika, zinashikamana, na lenzi inakuwa na ukungu. Ukitafuta ushahidi wa oksidisho kwa mzee wa Uru, usihangaike na maabara: mwangalie machoni. Basi kama antioksidanti, yaani vizuia oksidisho, zingefanya kazi mahali popote, zingefanya hapa. Jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 2001 liliwapa watu dozi kubwa za antioksidanti na zinki. Zilichelewesha ugonjwa mwingine wa jicho, ule wa kuchakaa kwa sehemu ya katikati ya retina, kwa waliokuwa tayari nao kwa kiwango fulani, na kwa hilo nazipa haki yake. Kwa mtoto wa jicho hazikusaidia. Kinachosaidia ni upasuaji mfupi wa kutoa lenzi iliyochakaa na kuweka ya bandia. Tena jicho lililofunguliwa linaonekana kuusaidia ubongo: mwaka 2022 watafiti wa Seattle waliripoti kwamba wazee waliofanyiwa upasuaji huo walipata ugonjwa wa kusahau kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 30 kuliko wenzao wasiofanyiwa. Utafiti huo ulifuatilia tu, haukugawa watu kwa kura, kwa hiyo asilimia hiyo isichukuliwe kuwa ahadi. Lakini bibi anayeona njia, sura na jiko lake ana mengi ya kufikiria kuliko anayekaa gizani.

Basi kama kuzima moto wa oksidisho kwa kidonge hakufai, swali ni nini kinachouwasha. Kwa mzee wa miteremko ya Kilimanjaro majibu yanafahamika, na kwa maoni yangu hayapewi uzito kwa sababu hayauzwi kwenye kichupa.

La kwanza ni presha. Watafiti wa KCMC na wenzao wa Uingereza wamekuwa wakifanya kazi na wazee wa Wilaya ya Hai, upande wa magharibi wa mlima uleule, kwa miaka mingi. Walipopima wazee wa miaka 70 na zaidi waliona karibu saba kati ya kumi wana shinikizo la juu la damu, na wengi hawakuwa wakijua. Shinikizo hilo huamsha kimeng'enya kwenye kuta za mishipa kinachomwaga chembe huru, nazo huiharibu oksidi ya nitriki inayoilegeza mishipa. Mishipa inakakamaa, presha inapanda tena, na mishipa midogo ya ubongo inaziba mmoja baada ya mwingine. Mkazo wa oksidisho upo hapo, tena mwingi, lakini kinachoupunguza ni dawa ya presha kama amlodipini inayomezwa kila siku, na chumvi inayopungua kwenye chungu. Jaribio la Marekani lililowahusu watu zaidi ya 9,000, ambalo matokeo yake ya ubongo yalitoka mwaka 2019, lilionyesha kwamba kuishusha presha zaidi kulipunguza kudhoofika kwa akili kwa awali, ingawa kwa ugonjwa kamili wa kusahau tofauti haikufikia kiwango cha kutosha cha uhakika.

Kundi hilohilo la Hai liliwachunguza wazee 1,198 kuhusu ugonjwa wa kusahau, na mwaka 2013 likaripoti kwamba asilimia 6.4 walikuwa nao, baada ya kurekebisha kwa umri. Hapo awali wengi waliamini ugonjwa huu hauko Afrika, au ni uzee wa kawaida tu, au ni kurogwa. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa na aina iitwayo Alzheimer na karibu wawili kati ya watano walikuwa na aina inayotokana na mishipa ya damu. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayonifanya niseme presha kwanza. Kiharusi kidogo kisichotambuliwa kinaweza kuiba kumbukumbu kimyakimya, na hakuna kapsuli ya mwani itakayoirudisha.

La pili ni moshi. Majiko mengi ya vijijini bado ni ya mafiga, na kuni ni matawi ya mibuni na ya miti ya kivuli yaliyokatwa. Bibi wa Uru aliyeanza kupika akiwa binti amevuta moshi huo kwa zaidi ya miaka 60. Chembe ndogo za moshi huingia hadi mwisho wa mapafu, zikiwa na kemikali zinazooksidisha zenyewe na zinazoamsha uvimbe mwilini. Tafiti za China na India zimeonyesha uhusiano kati ya kupikia kuni au makaa na kupungua kwa uwezo wa akili uzeeni. Wataalamu walioandaa ripoti ya jarida la Lancet mwaka 2024 kuhusu kuzuia ugonjwa wa kusahau waliweka uchafu wa hewa, presha, kisukari, upweke, usikivu na uoni hafifu miongoni mwa sababu 14, na wakakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kukingwa au kucheleweshwa kama zote zingedhibitiwa. Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024 ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Uru ina bahati ambayo haitumiki sawasawa: ng'ombe wamo zizini, na kinyesi chao kinaweza kutoa biogesi. Mtoto anayetafuta zawadi ya kumlinda mama yake dhidi ya oksidisho, anunue mtungi wa gesi au ajenge mtambo wa biogesi, halafu amfundishe atakayepika kuutumia, kwa sababu mitambo iliyokufa baada ya mwaka ipo.

La tatu ni chakula, na hapa mlima una kesi yake mwenyewe. Mwaka 2021 watafiti wa KCMC pamoja na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliripoti katika jarida la Nature Immunology walichokiona kwa watu wazima 323 wenye afya wa Kilimanjaro. Waliokuwa wakiishi mjini walikuwa na dalili za uvimbe wa ndani zaidi kuliko wa vijijini, na tofauti hiyo iliambatana na chakula. Damu ya watu wa kijijini ilikuwa na apigenini kwa wingi, ambayo hutokana na mimea. Mwaka 2025, katika Nature Medicine, kundi hilo likaenda mbele: wanaume 77, baadhi wa kijijini wakala chakula cha kisasa cha mjini kwa wiki mbili, baadhi wa mjini wakala chakula cha asili cha Kilimanjaro kwa muda uleule, wengine wakanywa mbege, pombe ya asili ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja, wachache wakabaki na chakula chao. Waliohamia kwenye chakula kilichosindikwa, dalili za uvimbe zilipanda na seli zao za kinga ziliitikia vijidudu kwa udhaifu. Waliohamia kwenye ndizi, maharage, ulezi, mboga na vyakula vilivyochachushwa, dalili zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwepo bado wiki nne baada ya majaribio.

Ningetaka matokeo haya yatangazwe kanisani Uru, lakini yasitangazwe kupita yalivyo. Washiriki walikuwa watu wenye afya, wengi vijana au wa makamo. Hakuna mzee aliyepimwa kumbukumbu, hakuna mwanamke aliyeshiriki kwenye utafiti wa pili, na uvimbe haukufuatwa hadi ugonjwa. Kuhusu mbege, nimeshasikia watu wakiitaja kama dawa sasa. Kilichopimwa ni kinywaji cha ndizi na ulezi kwa wiki moja kwa wanaume wenye nguvu zao, na pombe inabaki pombe: mzee anayemeza dawa za presha, akanywa na kuteremka njia yenye utelezi jioni, anaweza kuvunjika nyonga. Na kama jaribio la Ristow lilivyodokeza, thamani ya vyakula vya hapa kama mtori, kiburu, mnafu na maharage haitokani na kuzima chembe huru moja kwa moja. Wizara ya kilimo ya Marekani iliondoa mwaka 2012 jedwali lake lililopanga vyakula kwa nguvu za antioksidanti kwenye mirija ya maabara, ikisema vipimo hivyo havielezi kinachotokea mwilini. Chakula cha mimea huleta nyuzinyuzi, huwalisha vijidudu wa utumbo, huacha sukari ikipanda taratibu, na baadhi ya kemikali zake huuchokoza mwili kidogo ili uongeze walinzi wake.

La nne ni mazoezi, na mlima wenyewe uliyatoa bila kuyaita hivyo. Mwanamke anayebeba majani ya ng'ombe kichwani akipanda kutoka tambarare amekuwa akichokoza misuli yake kila siku kwa dozi ambayo hakuna kliniki inayoiagiza. Siku hizi bodaboda hupanda hadi mlangoni, na hilo ni neema kwa mwenye goti bovu, lakini kwa wengine ni mazoezi yaliyoondolewa bila kitu mbadala. Mama asilazimishwe kubeba mzigo wa kilo 30 uzeeni. Aachwe atembee kwenda misani na kikundini, apalilie bustani ya mboga, akae na kusimama kitini mara kadhaa kwa siku. Na ale protini: maziwa ya ng'ombe wake yasiuzwe yote. Mzee anayeishi kwa chai na ndizi atapoteza misuli hata akiwa na damu iliyojaa apigenini.

Tena kuna dawa isiyo na kemikali yoyote. Huko Hai ilijaribiwa tiba ya kikundi ya kuchangamsha akili kwa wazee 34 wenye ugonjwa wa kusahau: vikao 14 kwa wiki saba, wakizungumza, wakiimba, wakicheza na wakikumbuka mambo ya zamani. Matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yalionyesha akili na ubora wa maisha vikiongezeka. Kundi lilikuwa dogo na hilo lazima lisemwe. Hata hivyo ni jaribio lililofanyika kwenye mlima wetu, kwa Kiswahili, kwa wazee wetu, na gharama yake ni viti, chai na mtu aliyefundishwa. Vilevile watafiti hao walitunga kipimo kifupi cha akili ambacho hakimtaki mzee ajue kusoma: anakumbuka maneno, anataja wanyama, anapanga njiti nne za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa. Kinaweza kufanywa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii sebuleni.

Kwa hiyo ukinikuta njia panda ya Uru na kichupa mkononi ukaniuliza, nitakuambia hivi: mpeleke mama zahanati apimwe presha na sukari, na dawa akipewa uhakikishe haziishi Januari mkiondoka. Apelekwe kwenye macho KCMC kama haoni vizuri. Vitamini B12 ipimwe ikiwezekana, maana upungufu wake hufanana na ugonjwa wa kusahau na unatibika. Hapo kidonge au sindano ina kazi halali. Kama kuna upungufu uliothibitishwa, jaza upungufu. Kinachokataliwa na ushahidi ni dozi kubwa kwa mtu asiyepungukiwa. Na usimwache atumie vidonge usivyovijua pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda, kwa sababu vitamini E kwa wingi inaweza kuongeza kutokwa damu.

Kwa watafiti nina ombi moja. Jaribio la 2025 limeonyesha kwamba chakula cha Kilimanjaro hubadilisha damu ndani ya wiki mbili. Lifanyike tena kwa wanawake wa miaka 65 na zaidi, mjini na vijijini, kwa miezi sita, na badala ya kuishia kwenye damu lipime mambo ambayo bibi na binti yake wanayaona: nguvu ya kushika, mwendo wa mita nne, presha, na njiti nne za kiberiti. Protini zilizooksidika zipimwe pia, mwanzoni na mwishoni, ili tujue kama zinashuka kabla ya mkono kupata nguvu au baadaye. Jibu la swali hilo dogo ndilo litakalotuambia kama oksidisho ni chanzo cha udhaifu au ni mwangwi wake tu, na Moshi ina maabara, wataalamu na wazee wa kutosha kulitafuta.